Maana ya Neno "Perennial"

Neno la Kiingereza "perennial" huonekana mara nyingi katika vitabu vya maji, mimea na mifugo, na wengi hulifasiri upesi kuwa "-a milele". Tafsiri hiyo haifai. Asili yake ni Kilatini: "per", yaani kupitia, na "annus", yaani mwaka. Basi lataja jambo lipitalo miaka. Halisemi kwamba halina mwisho.

Kwanza, likitajwa juu ya maji, maana yake ni maji yapatikanayo mwaka mzima, masika na kiangazi. Tazameni Olbalbal. Maji ya Korongo la Olduvai hushuka huko wakati wa mvua na kutuama. Kiangazi kikizidi, hukauka. Hayo hayastahili jina hilo. Mtu akiyaandika katika ramani kuwa ya mwaka mzima, mchunga ng'ombe atakayemwamini ataswaga kundi lenye kiu mpaka penye vumbi.

Pili, likitajwa juu ya mmea, maana yake ni mmea uishio miaka mingi pasipo kupandwa tena. Mti wa kahawa huko Karatu ni wa namna hiyo, mhindi sivyo. Lakini angalieni: neno halisemi kwamba mmea ni mbichi daima. Nyasi za malisho za namna hii huweza kukauka juu, na mizizi yake ikawa hai chini, ikingojea mvua. Azing'oaye kwa kudhani zimekufa ajinyima malisho ya mwakani.

Tatu, likitajwa juu ya shida, maana yake ni shida irudiayo mwaka baada ya mwaka, kama upungufu wa maji wakati wa kiangazi.

Je, kitu cha namna hii chaweza kukoma? Naam. Wataalamu wa miamba wafundisha ya kuwa zamani, yapata miaka 1,800,000 iliyopita, palikuwa na ziwa Olduvai, nao huliita kwa neno hili hili. Leo ziwa hilo halipo. Mwaka 1959 Mary Leakey alipogundua fuvu mashuhuri la kale, alilikuta katika udongo mkavu uliokuwa zamani karibu na ukingo wake.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, ulizeni kwanza lanenwa juu ya nini. Maji semeni "ya mwaka mzima". Mimea, "ya miaka mingi". Shida, "ya kila mwaka". Neno "milele" tuliwekee yale yasiyo na mwisho.