Uainishaji wa Mivunjiko ya Paja Lenye Nyonga Bandia

Nyonga inapochakaa hata mgonjwa akashindwa kutembea, mpasuaji huweza kuondoa kichwa cha mfupa wa paja na kuweka kingine cha kutengenezwa. Kichwa hicho hushikiliwa na shina la chuma lililopenyezwa katika uwazi wa ndani wa mfupa. Upasuaji huu ulienea baada ya kazi ya John Charnley nchini Uingereza, katika miaka ya 1960.

Chuma ni kigumu kuliko mfupa. Kwa hiyo mkazo hukusanyika karibu na ncha ya shina. Mzee akianguka, paja huweza kuvunjika hapo, na tiba yake si ile ya mvunjiko wa kawaida.

Mwaka 1995, Clive Duncan na Bassam Masri wa Vancouver, Kanada, walitoa uainishaji unaotumika hadi leo. Msingi wake ni maswali matatu: Mfupa umevunjika wapi? Shina limeshika au limelegea? Mfupa uliobaki ni imara au dhaifu?

Aina A: Vimevunjika vinundu vya sehemu ya juu ya mfupa. Mara nyingi mapumziko na uangalizi hutosha.

Aina B: Mvunjiko umelizunguka shina, au uko chini kidogo ya ncha yake. Aina hii ina mafungu matatu:

B1: Shina limeshika. Mfupa huungwa kwa bamba la chuma, skrubu na waya.

B2: Shina limelegea, lakini mfupa ni imara. Shina huondolewa, likawekwa refu zaidi linalovuka mvunjiko.

B3: Shina limelegea na mfupa umedhoofika sana. Pamoja na shina jipya, huenda ikabidi kuongeza mfupa wa kupandikizwa.

Aina C: Mvunjiko uko mbali chini ya ncha. Huungwa kwa bamba, na shina huachwa.

Kosa la hatari ni kudhani B2 ni B1. Bamba likifungwa juu ya shina lililolegea, shina huendelea kucheza, na kazi yote huweza kuharibika. Kwa kuwa picha ya eksirei huweza kudanganya, mpasuaji mwangalifu hulijaribu shina lenyewe wakati wa upasuaji.

Zoezi: Paja la mgonjwa limevunjika kandokando ya shina. Picha ya mwaka uliopita ikilinganishwa na ya leo, shina limezama sentimita 1. Mfupa ni imara. Taja aina ya mvunjiko huo, na ueleze kwa nini bamba peke yake halitoshi.