Kabla ya Kurusha Ndoano, Uliza Ratiba ya Umeme

Trauti ni samaki wa maji baridi, na kiangazi cha Arkansas, Marekani, ni cha jasho. Wanaishije basi katika Mto White? Ni kwa sababu ya bwawa la Bull Shoals, lililokamilika mwaka 1951. Maji yanayozungusha mitambo yake ya umeme hutoka kilindini, ambako jua halifiki. Samaki wa asili wa maji ya vuguvugu hawakuuweza ubaridi huo, ndipo trauti wakapandikizwa. Hadi leo kituo cha ufugaji wa samaki cha Norfork huendelea kuzalisha wengine wa kuuongezea mto.

Kwa hiyo, saa ya kuvua hapa hupangwa na umeme. Bull Shoals ina mitambo minane. Alasiri ya joto, viyoyozi vikiwashwa mijini, mitambo nayo huongezwa na mto hujaa. Mahali uliposimama maji yakikufika magotini panaweza kukuzamisha.

Kabla ya kutoka

Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kinachoendesha bwawa, hutoa taarifa za maji yanayofunguliwa kwa simu na mtandaoni. Zisome, lakini usizitegemee peke yake, maana ratiba hubadilika wakati wowote. King'ora husikika karibu na bwawa tu. Ukiwa mbali, mfano Cotter, maji huchukua saa kadhaa kukufikia. Mto unaweza kujaa hata kama mitambo imeshazimwa.

Ukiwa majini

Chagua jiwe ambalo kichwa chake kiko nje ya maji, ulitazame kila mara. Likianza kufunikwa, au ukiona majani na vijiti vikavu vikielea, toka hapohapo. Usingoje samaki wa mwisho. Vulia upande ulikoacha gari, usije ukakatiwa njia na mto. Vaa jaketi la kujiokolea hata kiangazi, kwa kuwa ubaridi humaliza nguvu hata za mwogeleaji hodari. Kwenye mashua, usitie nanga katika mkondo mkali: ikinasa, huivuta mashua chini.

Kumpata samaki

Maji yakiwa machache, trauti hukaa vidimbwini na huona mbali. Nyemelea, tumia mshipi mwembamba na chambo kidogo, kwani chakula chao kingi hapa ni vijidudu vya majini. Maji yakijaa, hukimbilia kandokando, nyuma ya mawe na magogo, wasishindane na mkondo. Hapo vulia mashuani, na uongeze chubwi ili chambo kifike chini.

Sheria

Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi pamoja na kibali cha trauti. Idadi na ukubwa wa samaki wa kuchukua hutegemea aina na mahali, na yapo maeneo ya kuvua na kuachia, ambako huruhusiwi kutumia ndoano yenye kijimwiba cha kumzuia samaki asichomoke. Soma kanuni za mwaka huo. Unayemwachia, mshike kwa mikono iliyolowa ili usimbandue ute unaomkinga na maradhi, kisha umwelekeze penye mkondo mpaka aondoke mwenyewe.