Tovuti ya Zahanati Yafaa Imwambie Nini Mgonjwa?

Ukiandika neno "Magogoni" peke yake kwenye intaneti, huenda ukapelekwa hadi Dar es Salaam, kwenye barabara ya Magogoni iliyo na Ikulu, ama kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni. Mgeni aliyehamia majuzi hapa kwetu Magogoni ya Kisauni, na mtoto wake ameshikwa na homa kali saa nane za usiku, hana haja na Ikulu. Anatafuta zahanati iliyo wazi, tena anaitafuta kwa simu ya mkononi yenye bando la shilingi 20.

Wiki hii basi tuzungumze juu ya tovuti za zahanati na vituo vya afya. Najua kwamba wengi wenu hamna zahanati. Hata hivyo, kila mmoja wenu ni mgonjwa wa siku moja, na ni vyema ajue ukurasa wa kuaminika unavyokuwa. Naye mwenye zahanati anayelalamika kuwa hapati wagonjwa, asome pamoja nasi.

Tuanze na mahali. Yaandikwe maneno yote matatu: Magogoni, Kisauni, Mombasa. Alama ya ramani iwekwe pale hasa mlango ulipo, si katikati ya mtaa. Kisha yafuate maelezo kama yale tunayompa jamaa anayetutembelea: ateremke steji gani, apite msikiti upi, na je, tuktuk hufika mlangoni ama mgonjwa itabidi abebwe kupita vichochoro? Watu wetu hawaelekezani kwa majina ya barabara. Hata Hospitali Kuu ya Pwani wenyeji wengi huiita Makadara, na wakiitafuta wataandika Makadara.

Lililo zito zaidi ni saa za kazi. Maneno "tuko wazi saa 24" huandikwa kwa wepisi mno. Pengine maana yake ni kwamba kuna bawabu langoni aliye na nambari ya simu ya muuguzi, na muuguzi amelala nyumbani kwake. Fikiria mama aliyejifungua jioni na anazidi kuvuja damu. Mama huyo anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache, na nusu saa iliyopotezwa kubisha lango lililofungwa hairudi. Mtoto anayepatwa na degedege, au mzee anayebanwa na kifua, naye ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukurasa useme daktari yupo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, maabara hufungwa lini, na usiku ni nani aliye zamu. Ikiwa usiku hakuna mtu, isemwe kwamba hakuna mtu.

Vile vile ukurasa useme yale ambayo zahanati haiwezi kuyafanya. Vituo vya afya nchini Kenya vimepangwa kwa ngazi, kuanzia ya 1, iliyo ya huduma za kijamii, hadi ya 6, zilizo hospitali za rufaa za kitaifa. Zahanati nyingi za mitaani ni za ngazi ya 2. Hazina chumba cha upasuaji. Mwenye zahanati akiandika waziwazi kwamba "hapa hatupasui, mwenye dalili hizi aende moja kwa moja Makadara", ambayo ni ngazi ya 5, huogopa kwamba amewafukuza wateja. Mimi sioni hivyo. Mama aliyeambiwa ukweli siku ya hatari ndiye atakayemleta mtoto wake mwingine kuchanjwa, na jirani yake pia.

Hapa kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari. Yafaa tovuti itofautishe daktari, afisa wa kliniki na muuguzi, na itaje nambari ya usajili ya kila mmoja. Madaktari na vituo vyao hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo lina orodha inayoweza kuangaliwa kwenye intaneti. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, na wauguzi lao. Kutibiwa na afisa wa kliniki si jambo la aibu hata kidogo, kwani amesomea kazi yake. Aibu ni kumficha nyuma ya jina la daktari anayekuja Jumamosi tu.

Kuhusu pesa, ziandikwe ada ya kumwona daktari na bei ya vipimo vya kawaida, kwa shilingi. Bima ya NHIF ilikoma na nafasi yake kuchukuliwa na SHA mwezi Oktoba 2024. Ukikuta ukurasa ungali unaitaja NHIF, basi jua kwamba haujaguswa kwa muda, na huenda hata nambari ya simu iliyopo haifanyi kazi.

Kinachovuta wagonjwa kuliko picha ni elimu fupi inayohusu mahali petu. Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengi miaka ya 2013 na 2014, na ule wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi mwanzo wa 2018. Wakati kama huo watu huuliza: homa hii yenye maumivu ya viungo ni malaria? Mistari minne ingetosha: si kila homa ni malaria, pima kabla ya kumeza dawa ya malaria, ikiwa dengi inashukiwa, epuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu, tumia panadol kwa kipimo chake, kunywa maji kwa wingi, rudi upesi ukitapika mfululizo, ukiumwa sana na tumbo, ama ukiona damu kwenye fizi. Badala yake tunawekewa picha kubwa ya daktari wa Kizungu anayetabasamu, ambaye hajawahi kuvuka daraja la Nyali, na picha yenyewe inamaliza bando kabla mtu hajaona nambari ya simu.

Limebaki suala la siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Mgonjwa akilalamika hadharani kwamba alingojeshwa, zahanati isimjibu kwa kutaja ugonjwa uliomleta, hata kama yeye ndiye aliyekosea. Nawe msomaji, usitume picha ya majibu ya vipimo kwa nambari ya WhatsApp kabla hujauliza simu hiyo hushikwa na nani. Mara nyingi hukaa juu ya meza ya mapokezi, na kila apitaye huisoma.

Leo jioni, hali kila mtu nyumbani ni mzima, chagua zahanati mbili zilizo karibu nawe upige nambari zao za usiku. Piga baada ya saa nne. Uliza nani yuko zamu na kama maabara iko wazi. Ile isiyojibu, ifute kwenye simu yako.