Nguvu ya Jua katika Msitu

Nje ya mashimo ya shaba ya Kolwezi kuna msitu wa miombo. Humo imo miti ya mutondo na musamba, ndege, nyoka, vichuguu vya mchwa, na viwavi. Kila kiumbe kinahitaji nguvu: mti upate kukua, kiwavi apate kutambaa, mwewe apate kuruka, na mtoto apate kukimbia. Nguvu hiyo inatoka wapi?

1. Jani ni jiko.

Nguvu hiyo inatoka katika jua. Lakini mtoto hawezi kushiba kwa kukaa juani, wala kiwavi hawezi. Jani ndilo linaloweza kazi hiyo. Jani huvuta hewa ya kaboni, hupata maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari. Kwa sukari hiyo mti hujenga majani, mbao, mizizi na matunda.

2. Wenye kula na wenye kuliwa.

Wakati wa mvua viwavi hula majani. Ndege hula viwavi. Mwewe hula ndege. Watu nao huokota viwavi, ambao huko Katanga huitwa vinkubala. Akina mama huwatoa uchafu wa tumboni, huwachemsha, huwakausha juani, kisha huwapika au huwauza sokoni. Mtoto alaye bukari na vinkubala anakula nguvu ya jua mara mbili: moja imepita katika jani la hindi, nyingine imepita katika jani la mti na mwili wa kiwavi.

3. Kwa nini mwewe ni wachache?

Kiwavi hahifadhi nguvu yote aliyokula. Nyingine hutoka katika kinyesi. Nyingine humwezesha kutambaa na kupumua, kisha hugeuka joto na kwenda zake. Mtoto aliyekimbia mbio na ashike shingo yake: lile joto ni nguvu ya chakula inayotoka. Kwa kadiri, katika sehemu kumi za nguvu, moja tu humfikia mlaji anayefuata.

Tuseme majani yana sehemu 1,000 za nguvu. Viwavi watapata 100, ndege 10, na mwewe 1. Ndiyo sababu viwavi ni wengi kupita hesabu, ndege si wengi hivyo, na mwewe mmoja huhitaji msitu mpana ili aishi.

Tazameni pia vilima ambavyo udongo wake una shaba nyingi mno. Hapo miti haioti. Huota nyasi na maua madogo yanayoivumilia shaba. Hakuna miti, basi viwavi wa miti hawapo, wala ndege wanaowatafuta.

4. Kinachorudi na kisichorudi.

Majani makavu, kinyesi na wanyama waliokufa huliwa na mchwa, uyoga na vijidudu. Hivyo chumvi za udongo hurudi mizizini na kutumika tena. Lakini nguvu haizunguki. Joto lililokwisha kutoka halirudi jikoni mwa jani. Kwa hiyo viumbe hungojea jua jipya kila asubuhi.

5. Mti ukikatwa.

Makala ni nguvu ya jua iliyowekwa katika mti kwa miaka mingi. Mti uliokua miaka thelathini huweza kuisha jikoni kwa siku chache. Watu wa mjini wanahitaji moto wa kupikia, na mchoma makala ana watoto wa kulisha. Lakini miti ikikatwa yote, jiko la majani limezimwa. Viwavi watakosa chakula, ndege watahama, na mama atarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Dawa ipo. Kisiki cha miombo huchipua tena kikiachwa, kisichomwe na moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Anayetaka vinkubala asiangushe mti ili kuwaokota. Tena asiwamalize; wengine waachwe washuke, wajifukie udongoni na kugeuka nondo watakaotaga mayai mwaka ujao.

Shaba iliyochimbwa haioti tena. Msitu hupokea nguvu mpya kila siku, mradi majani yawepo ya kuipokea. Mungu hutupa jua bila malipo. Kulinda jani ni kazi aliyotuachia sisi.

MASWALI

1. Jani hutengeneza sukari kwa vitu gani?
2. Majani yakiwa na sehemu 5,000 za nguvu, mwewe atapata ngapi?
3. Ni kitu gani kinachorudi mizizini? Ni kitu gani kisichorudi?
4. Andika majina ya miti mitatu iliyo karibu na nyumbani kwenu. Uliza wazee ni viumbe gani wanaokula majani yake.