SOMO LA KIKUNDI: Mkosaji Akimaliza Probesheni, Aliyekosewa Je?



Tuchukue mfano. Kijana alivunja kiduka cha jirani yake, mama mjane, akabeba unga, sukari na pesa. Korti ilimpa probesheni ya mwaka mmoja na kuamuru amlipe mama hasara yake. Sasa mwaka unakaribia kwisha. Mama amelipwa nusu tu, na usiku akisikia hatua za mtu nje, usingizi unaruka. Anajiuliza: "Huyu akimaliza, nani atamwangalia?"

Probesheni ni nini? Ni adhabu ya kutumikia nyumbani, chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Kwa sheria ya Kenya haipungui miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Mkosaji akivunja masharti ya korti, anaweza kurudishwa ahukumiwe kwa kosa lile la kwanza. Lakini siku zikiisha, afisa hana nguvu juu yake tena. Kwa hivyo wakati mzuri wa kusema ni kabla ya siku hiyo.

Wengi wetu hudhani kesi ni ya serikali na mkosaji peke yao. Sivyo. Katiba ya 2010 iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waliotendewa uhalifu, na sheria hiyo ikapatikana mwaka wa 2014. Inasema aliyekosewa ana haki ya kuishi bila kutishwa wala kusumbuliwa, na ya kudai fidia.

Basi yule mama afanye nini?

1. Ajue tarehe. Aende ofisi ya probesheni na namba ya kesi, aulize probesheni inaisha lini. Asingoje kuletewa habari nyumbani.

2. Aseme deni. Amweleze afisa ni kiasi gani hakijalipwa, na aonyeshe maandishi ya malipo. Kama hakuna maandishi, kikundi kimsaidie kuanza kuandika leo.

3. Aseme hofu yake. Akitishwa kabla ya probesheni kwisha, apige ripoti polisi na amjulishe afisa. Akitishwa baadaye, bado polisi wako, na hakimu anaweza kumfunga mtu bondi ya kuweka amani. Kama anayetisha ni mume au mtu wa jamaa, sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu fujo za nyumbani inaruhusu kuomba korti amri ya ulinzi.

Jameni, tusisahau upande wa pili. Aliyemaliza adhabu yake hawezi kuadhibiwa tena kwa kosa lile lile. Tukimchapa au kumfukuza kijijini, tumetenda kosa jipya, na sasa wakosaji ni sisi. Kijana huyu anahitaji kazi ili amalize deni. Mama naye anahitaji kulala. Haki ya mmoja haifuti ya mwingine.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kijiji chetu, nani ametendewa uhalifu na hajui kesi yake imefika wapi?
2. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza hadi ofisi ya probesheni?
3. Kijana akirudi kuomba kujiunga na kikundi chetu, tutamwambia nini? Na yule mama tutamuuliza kwanza?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mchague mtu wa kufuatilia kabla ya mkutano ujao.