Siku 84 za Likizo na Miezi Sita ya Kunyonyesha: Somo kwa Mama Anayerudi Kazini

Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi sita, yaani takriban wiki 26. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, ambazo ni wiki 12. Aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja hupewa siku 100. Hivyo muuguzi wa Ujiji au mwalimu wa Mwandiga hurudi kazini zikiwa zimesalia wiki 14. Aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua hubakiwa na wiki 18. Somo hili linahusu namna ya kulivuka pengo hilo.

Kwa nini maziwa hupungua

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Maziwa yakikaa ndani ya titi kwa saa nyingi, titi hupunguza utengenezaji. Mama anayeshinda kazini bila kunyonyesha wala kukamua huanza kwa matiti kujaa na kuuma. Baadaye maziwa huwa haba, naye huambiwa kwamba yamekauka. Hapo ndipo uji mwepesi na maji huanza mapema, na kuhara hufuata. Kipindupindu kilichozuka Kagunga mwezi Mei 2015 kilitukumbusha jinsi maji yasiyo salama yanavyoweza kudhuru watu wa mwambao huu.

Haki ambazo wengi hawazitumii

Sheria hiyo humtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mama na msimamizi wake wanaweza kuugawa: saa moja asubuhi na nyingine alasiri, mtoto aletwe au mama aende nyumbani. Nyumba ikiwa mbali, muda huo utumike kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi hukaa saa nne katika chumba kisicho na joto kali, au siku nne ndani ya friji; mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Mama hapaswi kupangiwa zamu ya usiku katika miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua. Baada ya hapo, cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba afya yake au ya mtoto hairuhusu kinaweza kuendeleza kinga hiyo. Baba naye ana likizo ya angalau siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Wasio na mwajiri

Akina mama wanaoanika dagaa Katonga na Kibirizi hawana wa kumwomba ruhusa. Kazi yao hufuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mitumbwi hurudi alfajiri. Anyonyeshe kabla haijafika. Mtoto akiletwa mwaloni, akae kivulini, mbali na moshi, na wenzake wapokezane kumwangalia mama anapofanya kazi. Kabla ya kunyonyesha, anawe mikono kwa sabuni na maji safi. Siku za mbalamwezi, kazi inapopungua, anyonyeshe mara nyingi zaidi ili maziwa yaongezeke.

Kwa mtumishi wa afya

Usisubiri mtoto azaliwe. Mwajiri anatakiwa kupewa taarifa ya likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa hiyo, tangu mahudhurio ya awali ya kliniki, muulize mama: “Utarudi kazini lini, na mtoto atabaki na nani?” Mfundishe kukamua kwa mkono wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Mweleze kwamba titi likiwa jekundu, la moto, na homa ikipanda, aje kituoni upesi, huku akiendelea kunyonyesha. Mwisho, mkumbushe kunyonyesha usiku, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi wakati huo; saa za usiku nyumbani husaidia kufidia zile za mchana kazini.