Kuishi na Ngiri Kabla ya Kisu

Swali: Daktari, mimi ni fundi mwashi. Nikibeba mfuko wa saruji, uvimbe hutokeza kwenye kinena, nikilala, unarudi. Kuna dawa ya kuumaliza bila kupasuliwa?

Hakuna. Ngiri, ambayo wengi huiita mshipa, ni uwazi katika ukuta wa misuli ya tumbo. Utumbo au mafuta hupenya hapo. Kwa mtu mzima uwazi huo haujizibi. Kidonge kitatuliza maumivu, lakini kidonge, mizizi au kuchuliwa havitashona misuli. Ila nafuu unaweza kuipata.

Swali: Nafuu hiyo naipataje?

Punguza msukumo ndani ya tumbo. Mfuko wa kilo 50 beba na mwenzako au tumia toroli. Kula maharage, mboga za majani na papai, na unywe maji ya kutosha, ili usijikamue chooni. Kikohozi kisichoisha kitibiwe, sigara uiache, na uzito uliozidi upunguze. Mzee anayejikamua ili mkojo utoke apimwe tezi dume.

Uvimbe ukitokeza, lala chali, kunja magoti, tulia, kisha urudishe taratibu kwa kiganja. Ukikataa kurudi, usiulazimishe.

Swali: Na mkanda wa ngiri?

Hupunguza usumbufu kwa muda, hasa kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji au asiyeuweza. Uvae ukiwa umelala, uvimbe ukiwa umekwisha kurudi ndani. Ukiuvaa juu ya uvimbe uliotoka, unaubana utumbo wako mwenyewe. Daktari akupime kwanza.

Swali: Mwanangu ana kitovu kilichotuna. Bibi yake amekifunga kwa sarafu. Ni sawa?

Mfungue, na bibi umweleze kwa upole. Ngiri nyingi za kitovu kwa watoto hujifunga zenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Sarafu haiharakishi, huchubua ngozi na kuleta vidonda. Lakini uvimbe wa kinena kwa mtoto usiusubiri ukue: mpeleke hospitali mapema.

Swali: Mimi mtu mzima naweza kusubiri?

Kama ngiri haikuumi sana na daktari ameiona, ndiyo. Utafiti uliofanywa Amerika Kaskazini kwa wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa kusubiri chini ya uangalizi ni salama. Dharura zilikuwa nadra. Hata hivyo, walipofuatiliwa kwa miaka 10, takriban theluthi mbili ya waliosubiri walikuwa wamepasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Basi tumia muda huo kujiandaa kwa upasuaji. Mwanamke mwenye uvimbe wa kinena au juu ya paja asisubiri: ngiri ya paja huwapata zaidi wanawake, na hunasa utumbo kwa urahisi.

Swali: Nitajuaje kuwa mambo yameharibika?

Uvimbe huwa mgumu na haurudi. Maumivu huwa makali. Unatapika, hupati choo wala upepo, au ngozi ya juu inabadilika rangi. Hapo utumbo umenaswa, damu haiufikii, na ukicheleweshwa unaoza. Usile, usinywe, usichuliwe, usingoje kuche. Nenda hospitali saa ileile.